Ngozi ya Jani, Chembe ya Chavua na Kesi ya Vinamasi vya Nyeri

Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 haiitambui ardhi oevu kwa maji peke yake. Inaitaja kuwa eneo linalofurika maji wakati wote au kwa msimu, ambalo mimea na wanyama wake wamezoea hali hiyo. Maneno hayo machache yana uzito kuliko wengi wanavyodhani, hasa katika Kaunti ya Nyeri, ambako ardhi oevu nyingi si maziwa ya kupigwa picha na watalii bali ni vijibonde vilivyobanwa kati ya migongo ya vilima, kuanzia Othaya na Mukurwe-ini hadi Tetu na Mathira. Mwezi wa Mei vijibonde hivyo huwa chepechepe, mguu ukizama hadi kifundoni. Ikifika Februari huenda vikawa vikavu, vikiwa na nduma upande mmoja, napia upande wa pili na safu ya mikaratusi katikati. Mtu akiuliza siku hiyo kama hapo ni ardhi oevu au ni shamba tu lenye bahati ya unyevu, maji hayatamjibu kwa kuwa hayapo. Itabidi mimea ijibu. Na kama mimea ya asili ilikwisha kung'olewa, itabidi mabaki yake yaliyofukiwa matopeni yajibu kwa niaba yake.

Hoja ya makala hii ni kwamba ushahidi wa kutegemewa kuhusu vinamasi vya Nyeri, Karatina, Naro Moru, Nanyuki, Meru na Embu umo chini ya hadubini, katika ngozi ya jani na chembe ya chavua, na kwamba ushahidi huo husimama pale tu viwili hivyo vinaposomwa pamoja. Chavua peke yake inaweza kumpotosha hata mtaalamu. Jani peke yake halifiki mbali, kwa mahali wala kwa wakati. Anayeshika kimoja na kuacha kingine yuko katika hatari ya kuandika historia ya bonde ambalo halikuwahi kuwapo.

Tuanze na mimea iliyo hai. Huko juu mlimani, kwenye kile kinamasi cha mteremko ambacho wapandaji wa njia ya Naro Moru hukilaani kwa kuwavua viatu, macho yanatosha. Lobelia wa majimaji na yule wa miteremko mikavu zaidi hutofautishwa na mgeni yeyote aliyeonyeshwa mara moja. Huku chini mambo ni mengine. Mafunjo hayamsumbui mtu. Pale yanapoota, hata abiria aliye ndani ya matatu huyatambua. Shida ni lile kundi kubwa la majani membamba ambalo wengi wetu hulimaliza kwa neno moja, nyasi. Humo mna nyasi za kweli, mna ndago na jamaa zake wengi, mna jamii ya Juncus yenye mashina ya mviringo yasiyo na majani ya maana, na mna matete. Kitabu cha Haines na Lye kuhusu ndago na jamaa zake katika Afrika Mashariki, kilichotolewa Nairobi mwaka 1983, kimewasaidia wengi, lakini kwa sehemu kubwa humtaka msomaji awe na ua au tunda, na tunda lenyewe mara nyingi halifiki milimita mbili. Sasa fikiria kijibonde cha Mathira, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa zizini na kukatiwa majani kila siku. Ua halipati nafasi ya kuchanua. Kinachobaki ni visiki vya majani, na kitabu kinanyamaza.

Hapo ndipo ngozi ya jani inapoanza kazi. Njia ya kuipata ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Jani hupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, huachwa ikauke, kisha utando huo hubanduliwa kwa selotepu na kubandikwa juu ya kioo cha hadubini. Kwa ukuzaji wa mara 100 hadi 400, ambao hadubini za kawaida za shule huufikia, nyasi na ndago hutengana papo hapo. Ngozi ya nyasi imepangwa kwa safu: seli ndefu zenye kuta za mawimbi, na kati yake seli fupi zilizobeba vipande vya silika, madini yaleyale ya kioo. Vipande hivyo hutofautiana kwa ukoo. Kwenye ukoo wa Panicum mara nyingi ni virefu vilivyobanwa kiunoni, kwenye ukoo wa Chloris vina umbo la tandiko la farasi, na kwenye nyasi za baridi za mlimani vingi ni vya duara au vya mstatili. Ndago na jamaa zake hawafuati mtindo huo. Silika yao hukaa kama vikoni vidogo juu ya nyuzi ngumu za jani, ncha ikitazama nje, hata ukivitazama kutoka juu unaona viduara vyenye nukta katikati, vimejipanga kwenye mistari iliyonyooka. Ukiviona hivyo, huna haja ya ua kujua kwamba umeshika mmea wa jamii ya ndago.

Ukikata jani au shina kwa upana wake unapata habari zaidi. Mimea inayoishi kwenye matope yasiyo na oksijeni hujenga mirija na vyumba vya hewa kutoka majani hadi mizizi, na katika baadhi ya Juncus vyumba hivyo hugawanywa na seli zenye umbo la nyota zilizoshikana ncha kwa ncha. Mafunjo huonyesha pia pete za seli za kijani kuzunguka mishipa yake, alama ya mimea ya kundi la C4, inayotengeneza chakula kwa njia inayofaa jua kali na joto. Typha, mmea mwingine wa ukingoni mwa maji, na matete hawana pete hizo. Nduma nayo ina alama yake isiyofichika, fuwele ndefu za kalsiamu oksaleti zilizofungwa matita matita ndani ya seli. Ni hizo zinazowasha koo la anayeonja nduma mbichi, na hakuna mama wa Karatina asiyezijua kwa matendo yake, ingawa hajaziona kwa macho. Kwa mchunguzi zina faida kubwa zaidi ya mwasho. Nduma hupandwa kwa vichipukizi wala haitegemei mbegu, na kwa hiyo chavua yake ni haba. Anayeitafuta kwa chavua tu atasema haikuwapo.

Chavua ina nguvu ambayo jani halina, nayo ni kudumu. Ukuta wa nje wa chembe yake umejengwa kwa sporopolenini, moja ya dutu ngumu zaidi kutoka kwa viumbe hai. Ndiyo maana maabara huweza kuchemsha matope katika alikali na asidi, hata ile asidi ya hatari inayoyeyusha mchanga, na kubakiwa na chembe zilizo safi. Njia ya kuzisafisha kwa mchanganyiko wa asidi iliyoenezwa na Mswedeni Gunnar Erdtman tangu miaka ya 1930 ingali inatumika. Zikisafishwa, chembe nyingi ni kati ya mikromita 10 na 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita kwa zile kubwa kabisa, na kila ukoo una mtindo wake. Podo ina mifuko miwili ya hewa kandoni. Erica za juu mlimani hutoka nne nne zilizoshikana. Typha latifolia nayo hutoa chembe nne pamoja, ilhali Typha domingensis hutoa mojamoja, hivyo mimea miwili inayochanganywa kirahisi ukingoni mwa bwawa hutengana waziwazi chini ya lenzi. Ndago wana chembe ya umbo la peasi, yenye ukuta mwembamba na matundu yasiyo dhahiri, kwa sababu katika kila chembe nne zinazopaswa kuzaliwa, tatu hufa na moja ndiyo hubaki.

Kisha inakuja aibu ya taaluma hii. Chavua ya nyasi ni mviringo laini wenye tundu moja lililozungushiwa pete, na karibu nyasi zote ziko hivyo. Mahindi hujitenga kwa ukubwa tu, kwani chembe yake huvuka mikromita 80 wakati nyasi nyingi za mwituni haziifikii 60. Hizo nyingine, za mbugani Laikipia, za kando ya mto Chania au za kwenye kilele, mchunguzi huzihesabu kwa jina moja la ukoo na kunyamaza. Tatizo hili si dogo. Tuseme tabaka fulani la matope lina chavua nyingi ya nyasi. Msomaji wa haraka atasema msitu ulikatwa na mahali pake pakawa malisho. Lakini matete ni nyasi. Vivyo hivyo nyasi nyingi zinazoelea au kusimama ndani ya maji. Huenda hakuna mti hata mmoja uliokatwa. Ni kinamasi tu kilichopanuka. Hesabu ileile inatoa hadithi mbili zinazopingana, moja ya ukame na nyingine ya maji, na chavua yenyewe haina namna ya kuchagua.

Mlima Kenya umewahi kulitatua fumbo la aina hii, na kwa kuwa lilitatuliwa kwenye maziwa yake wenyewe, watu wa eneo hili wana haki ya kulijua vizuri kuliko wengine. Mswedeni Olov Hedberg alichapisha mwaka 1954 uchunguzi wa awali wa chavua kutoka milima ya Afrika Mashariki. Muongo mmoja baadaye Joey Coetzee wa Bloemfontein, Afrika Kusini, alitoa matokeo ya nguzo ya matope iliyochimbwa katika ziwa la kreta liitwalo Sacred Lake, upande wa Meru, kwenye zaidi ya mita 2,300. Leo ziwa hilo limezungukwa na msitu. Matope ya enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, yalimwonyesha chavua ya mimea inayoishi sasa juu sana, na akahitimisha kwamba kanda za mimea zilikuwa zimeshuka kwa karibu mita 1,000. Sababu iliyoonekana dhahiri ilikuwa baridi: joto lilipopungua, misitu iliteremka. Maelezo hayo yalikaa vitabuni kwa miaka mingi, na kwa sehemu yangali sahihi.

Lakini yaliacha swali la nyasi. Zilikuwa nyasi gani hizo zilizojaa matopeni? Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 kuhusu nyasi za Kenya ulikuwa umeonyesha mpangilio ulio wazi: chini ya mita 2,000 hivi karibu zote ni za kundi la C4, na juu ya mita 3,000 karibu zote ni za C3, zinazostahimili baridi. Kama ni baridi tu iliyoubadilisha mlima, basi nyasi zilizolizunguka ziwa enzi ya barafu zingepaswa kuwa za C3, kama zile za juu leo. Chavua haikuweza kusema lolote, maana C3 na C4 zina tundu lilelile. Jibu lilikuja kutoka kwenye ngozi ya majani. Mwaka 1976 Patricia Palmer alikuwa ameshauri kwamba vipande vya ngozi ya nyasi vilivyomo katika mashapo ya maziwa ya Afrika Mashariki vinaweza kutambuliwa kwa seli zake, na mwaka 2000 Matthew Wooller, Alayne Street-Perrott na Andrew Agnew, huyu wa mwisho akiwa mwandishi wa kitabu maarufu cha maua ya mwituni ya nyanda za juu za Kenya, walichapisha kazi iliyofuata njia hiyo mlimani. Walitumia vipande vilivyoungua kwa moto, kwa sababu ngozi iliyogeuka mkaa hudumu huku alama zake zikibaki, seli, stomata na vitundu vya silika. Pamoja na vipimo vya kaboni ambavyo Street-Perrott na wenzake walikuwa wamevitoa mwaka 1997, picha ilibadilika. Nyasi za C4 zilistawi kwenye mwinuko ule enzi ya barafu, na ziliungua mara kwa mara. Maelezo yaliyokubaliana na ushahidi huo ni kwamba hewa ya wakati ule ilikuwa na kaboni dioksidi kidogo mno, sehemu 180 hadi 200 hivi kwa milioni, na upungufu huo huwafaa C4 na kuwanyima miti nafasi, hata kukiwa na baridi. Msitu haukushuka kwa baridi tu. Ulikuwa pia unakosa hewa ya kujengea mbao.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Huo ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa kwa nini chavua na jani havipaswi kutenganishwa. Chavua iliona msitu ukiondoka. Jani likaeleza kilichochukua nafasi yake, na kwa kueleza hivyo likabadilisha sababu. Tangu hapo kazi ya mlimani imeendelea, na tena kwa mikono ya Wakenya. Mwaka 2009 Stephen Rucina wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzake walichapisha historia ya kinamasi cha Rumuiku, kusini-mashariki mwa mlima kwenye mita 2,154, inayorudi nyuma karibu miaka 26,000 na kusoma chavua sambamba na mkaa wa moto wa nyika.

Mapingamizi yapo, na baadhi yana nguvu. La kwanza ni la wazee. Kuna watu Nyeri wanaojua kila mmea wa bondeni kwa jina la Kikuyu, wanajua upi ni wa kuezekea, upi wa kamba, upi ng'ombe wakila huharisha. Kwa nini basi hadubini? Kwa mimea hai na mizima, sioni ubishi: mzee na aanze. Lakini jina la kienyeji mara nyingi hufuata matumizi, na spishi mbili zenye kazi moja hubeba jina moja. Tena kumbukumbu ya mtu haivuki miaka 80 au 90, nayo hutolewa mara nyingi katikati ya mgogoro wa ardhi ambao msemaji au watoto wake wana sehemu. Chavua haina shamba la kurithi. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe papa hapa Nyeri, alisimulia alivyokiona kijito cha utotoni kikipotea baada ya mkuyu kukatwa, na ulimwengu ulimwamini, sawa kabisa. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani la 1977 na Nobeli ya 2004, mkate wake ulikuwa hadubini. Aliajiriwa Nairobi mwaka 1966 katika idara ya anatomia ya mifugo kushughulikia tishu, na shahada yake ya uzamivu ya 1971 ilitoka huko. Kumbukumbu na lenzi hazikugombana ndani ya mtu yule.

La pili ni upepo. Chavua ya podo ina mifuko ya hewa kwa sababu maalumu. Hupeperushwa kilomita nyingi, na kuiona matopeni Othaya hakuthibitishi kwamba podo uliwahi kuota Othaya. Ni kweli, na ndiyo maana hakuna mchunguzi makini anayejenga hoja juu ya chembe moja au mbili. Huhesabiwa mamia, na kinachosemwa ni uwiano na mabadiliko yake kutoka tabaka hadi tabaka. Hata hivyo dawa hasa ya upepo ni jani. Kipande cha ngozi ya ndago chenye vikoni vyake hakiruki kutoka bonde hadi bonde kwa wingi. Kilioza, au kiliungua, karibu na pale kilipoota. Mkaa mwepesi husafiri kwa moshi, nakubali, lakini vipande vikubwa huangushwa jirani, na ukubwa hupimwa.

Pingamizi la tatu ndilo linalonifikirisha zaidi, kwa kuwa linatoka ndani ya taaluma yenyewe. Ongezeko la chavua ya ndago katika tabaka linaweza kumaanisha kwamba mvua iliongezeka na kinamasi kikapanuka juu ya nchi kavu. Linaweza pia kumaanisha kinyume chake: ziwa lilipungua kina, na ndago wakatambaa kutoka ukingoni hadi katikati, mahali palipochimbwa. Hapa sidhani kwamba jani linatatua kila kitu, ila linapunguza sana. Ngozi ya mmea wa ukingoni si sawa na ya mmea unaosimama ndani ya maji, na tabaka lenye ndago pamoja na mabaki ya mimea inayozama kabisa halifanani na tabaka lenye ndago pamoja na nyasi za malisho. Mchunguzi mwaminifu bado atabakiwa na tabaka asizoweza kuzihukumu. Afadhali ripoti yenye ukurasa mmoja wa shaka kuliko ramani ya kaunti iliyopakwa rangi moja kwa uhakika wa bandia.

Wengine watasema haya yote yamepitwa na wakati, kwamba mmea sasa hutambuliwa kwa vinasaba, na kipande cha jani kikipelekwa maabara hurudi na jina. Kwa jani bichi, ndiyo, fedha zikiwapo. Ila jina hilo hutokana na kulinganisha na kielelezo ambacho mtu aliwahi kukitambua kwa macho na lenzi, kikahifadhiwa kwenye hebariamu kama ile ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa matope ya zamani vinasaba huchakaa, hasa kwenye joto, wakati ukuta wa chavua hukaa. Njia mpya inaongezwa juu ya ile ya zamani. Haiiondoi.

Turudi sasa kwenye kijibonde chetu chenye mikaratusi. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na vyanzo vya maji ing'olewe, na mabishano yaliyofuata hayajaisha: wapo wanaosema miti hiyo ilipandwa penye majimaji ikayanywa, na wapo wanaosema ilipandwa penye nchi kavu tangu awali. Hili si suala la imani, linachunguzika. Mikaratusi ni mgeni. Iliingia Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi, mwaka uleule Waingereza walipoanzisha kituo chao Nyeri. Kwa hiyo tabaka la matope ambamo chavua yake ya pembe tatu inaanza kuonekana haliwezi kuwa la kabla ya ukoloni, na misonobari na miwati, miti migeni pia, husaidia kulithibitisha. Chini tu ya mstari huo ndimo ilimo picha ya bonde kabla ya mabadiliko ya karne ya 20. Kama kuna chavua ya ndago na typha kwa wingi, pamoja na ngozi za majani yao, mahali palikuwa kinamasi. Kama kuna nyasi za C4 za nchi kavu na chavua ya mahindi, aliyepanda mikaratusi ana la kujitetea. Mtego mmoja upo: mizambarau mwitu, ambayo hupenda kingo za mito, ni ya ukoo mmoja na mikaratusi na chavua yao hufanana kwa umbo. Ya mizambarau ni ndogo zaidi, basi lazima zipimwe moja moja, na mtu asiye na vielelezo vya hapa nyumbani atakosea.

Vielelezo ndilo pengo lenyewe. Seli za jani hubadilika kidogo kwa mwinuko, kwa kivuli, hata kati ya upande wa juu na wa chini wa jani moja, na picha za vitabu vilivyotungwa kwa mimea ya Ulaya hazimfai anayefanya kazi Tetu. Gharama ya kujaza pengo hilo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, ukiigawa kazi vizuri. Upande wa jani unawezekana Karatina, Nyeri mjini au Chuka, kwenye vyuo vikuu vilivyopo na hata kwenye shule za sekondari, kwa rangi ya kucha, vioo na subira; wanafunzi wa biolojia wangekusanya ndago wa kaunti nzima katika misimu michache, kila kioo kikiwa na jina, mahali na mwinuko. Upande wa chavua unadai asidi kali, chumba chenye mfumo wa kutoa hewa na mtu aliyefundishwa, kwa hiyo ubaki na maabara chache kama ile ya Makavazi, ambayo tayari ina ujuzi. Atakayeuliza kwa nini fedha za umma ziende kwenye vioo wakati barabara ni mbovu, nadhani ajibiwe kwa upole kwamba kaunti hizi hutumia fedha kila kiangazi kutafutia watu maji, na haziwezi kulinda vyanzo ambavyo haziwezi kuvithibitisha. Hata hivyo ushahidi huu usibebeshwe mzigo usio wake. Hauwezi kuchora mpaka wa mita sita au 30 unaotajwa na kanuni za mwaka 2009, wala hauwezi kumwambia hakimu wa mahakama ya ardhi pale Nyeri nani ana hati halali. Unachoweza ni kusema pale palikuwa nini.

Na unaweza kusema hivyo kwa muda tu. Matope huhifadhi chavua kwa sababu hayana hewa. Mfereji ukichimbwa, bonde likakauka na jembe likapita, oksijeni huingia, na kuvu na bakteria huanza kula kuta ambazo asidi ya maabara haikuzishinda. Haziozi kwa usawa. Chembe ya ndago, yenye ukuta mwembamba, huwa miongoni mwa za kwanza kupotea. Spora ngumu za kangaga hubaki, na podo hutambulika hata ikiwa imechanika mifuko. Mchunguzi atakayefika miaka 20 baada ya mfereji atahesabu kangaga na podo, atakosa ndago, na kwa nia njema kabisa ataandika kwamba bonde lile lilikuwa msitu wa nchi kavu. Kwa hiyo vinamasi vya kuchimbwa sampuli mwanzo ni vile ambavyo bado vina maji na tayari vina maombi ya kulimwa, na sampuli zitolewe kabla ya jembe la kwanza kuingia, matope yafungwe kwenye plastiki na kuwekwa mahali pa baridi, hata kama fedha za kuyasoma hazitapatikana hadi mwaka mwingine.